Nilimwambia Bibi Hakuja Mtu

Nimekosa. Naanza na hilo kabla ujasiri haujanitoka, maana mara tatu nimeandika barua hii na mara tatu nimeifuta nilipofika pale penye aibu. Sitaki mtu anihurumie. Wala asitokee mtu wa kuniambia, "Na wewe ulikuwa mgeni tu, hukujua." Nilijua! Niliambiwa siku ya kwanza, kwa Kiswahili kinachoeleweka, begi langu likiwa bado mkononi.

Jina langu sitalitaja. Mimi ni mwalimu wa chekechea, mwanamke wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Iringa, Tanzania. Ukinikuta sokoni nacheka na wauza mboga huwezi kujua nimebeba nini. Lakini mtu akipiga hodi ghafla, hata leo hii, sifungui mpaka niulize jina mara mbili.

Ilikuwa hivi. Shirika moja lilinipeleka Lamu, Kenya, nifundishe watoto wadogo kwa mwaka mmoja. Hatukupangiwa hosteli. Kila mwalimu mgeni aliwekwa kwenye familia, eti tuzoee maisha ya watu. Nilivuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kwa boti nimefumba macho, maana mimi maji nayajua ya kwenye ndoo. Nilipofumbua, nikaona mji wa mawe umebanana ufukweni, na punda wanapita bila haraka kama wenye mji wao.

Familia iliyonipokea ilikuwa na watu watano. Bwana Athumani, mwenye duka la misumari na saruji, mpole, sauti yake huisikii mpaka umsogelee. Mkewe Bi Rukia, ambaye sauti yake utaisikia hata ukienda mtaa wa pili. Binti yao Khadija, tuliyemwita Dija, aliyekuwa ameachika na anafanya kazi kwenye duka la dawa. Mtoto wa Dija, Nuru, miaka minne, mwenye maswali kuliko hakimu. Na Bibi, mama mzazi wa Bi Rukia, ambaye umri wake yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuuhesabu.

Siku ile ya kwanza Bi Rukia alinisimamisha mlangoni. Mbele ya mlango ule palikuwa na kibaraza kidogo chenye viti vya mawe pande zote mbili. Wao wanakiita daka.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa ni kwako. Kula, lala, nuna ukitaka kununa. Lakini neno moya tu. Mwanamume yeyote akipiga hodi na Bwana hayupo, akae dakani. Hata akisema ni ndugu yangu wa ziwa moya. Kiu ikimshika, mai utamletea papa hapa."

Nikaitikia, "Sawa, mama." Moyoni nikasema, he! Hawa watu wa mji wana maringo. Kwetu mgeni ukimwacha nje ya nyumba, jioni kijiji kizima kinakujadili. Mgeni anaingizwa, anakalishwa, anapewa chochote kilichopo, ndipo anaulizwa anatoka wapi. Nilijiona mimi ndiye ninayejua ukarimu, wao bado. Kiburi hicho! Ndicho kilichonimaliza.

Mwanzoni kila kitu kilinitisha. Bafuni kulikuwa na birika, yaani tangi la maji la kujengwa, na ndani yake wanaogelea visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Siku ya kwanza nilitoka mle na povu kichwani napiga kelele, Dija akacheka mpaka akakaa sakafuni. Jiko lilikuwa juu kabisa, darini, ngazi zake zinakata pumzi. Kula, sote tunazunguka sinia moja, na mimi nilikuwa naogopa kunyoosha mkono, nalala na njaa.

Bibi ndiye aliyeliona. Akawa anasukuma minofu ya samaki upande wangu kwa vidole vyake, bila kusema kitu. Mchana nikirudi shule ananiita chumbani kwake, ananipaka mafuta ya nazi kichwani, ananiuliza kwetu baridi ikoje. Nikamwambia asubuhi tunatoa moshi mdomoni. Alicheka! Tangu siku hiyo akaniita Mwana wa Baridi. Ndani ya nyumba ile, Bibi ndiye mtu wa kwanza aliyenifanya nijisikie niko kwetu, na ndiye niliyemtenda.

Tatizo la Bibi lilikuwa usahaulifu. Wakati mwingine alikuwa anasema marehemu mumewe amepita kunywa kahawa, kaacha salamu. Familia haikubishana naye. Bi Rukia alinifundisha, "Akisema, mwitikie tu, haya Bibi, yakaisha." Nikazoea. Nikawa namwitikia hata nisipomsikiliza.

Kuhusu mume wa zamani wa Dija nilijua machache. Jina lake Kassim, Kadhi amemwachia Dija mtoto, na likitajwa jina hilo tukila, mazungumzo yanageuzwa. Sura yake sikuwahi kuiona. Mambo ya ndani hayo, na mimi ni mgeni, sikuuliza.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, shule zimefungwa. Bi Rukia alikwenda kwenye nyumba ya harusi kusaidia mapishi. Bwana yuko dukani. Dija yuko kazini mpaka saa kumi. Nyumbani tumebaki mimi, Bibi kitandani kwake, na Nuru amelala ubavuni mwake. "Mwalimu, nyumba nakuachia wewe," Bi Rukia alisema akivaa buibui. Nikamjibu asiwe na wasiwasi.

Saa nane nikasikia hodi. Nikafungua. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kanzu imepigwa pasi, kofia safi, mkononi kikapu cha ukindu kimejaa maembe. Akanitolea salamu kwa adabu. Akasema yeye ni ndugu yao, ametoka Mkokoni, kijiji cha mbali upande wa bara, amewaletea maembe.

"Wenyewe hawapo," nikasema.

"Basi nitawangoja hapa," akasema, na akakaa. Alikaa dakani mwenyewe! Sikilizeni vizuri hapo. Yule mtu hakunisukuma, hakunidanganya niingie chumbani nilete kitu. Alikaa pale pale anapopaswa kukaa, akatoa kitambaa akajifuta jasho.

Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Jua lilikuwa kali, anavuja jasho, kikapu kizito kile, na mimi nimesimama mlangoni namtazama kama askari. Nikaona haya. Nikasikia sauti ya mama yangu ikinigombeza.

"Ingia ndani bwana, jua hili litakuua."

"Hapa panatosha, mwalimu."

Hata hapo sikushtuka kwamba anajua mimi ni mwalimu! Nikacheka, nikasema, "Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Karibu, karibu bwana."

Akatazama kichochoro upande huu, akatazama upande ule. Akavua viatu. Hakuviacha mlangoni kama wanavyofanya wageni wote, aliingia navyo mkononi. Mtu wa pale mwenye nia njema angekataa hata nimbembeleze mpaka Alasiri. Huyu hakukataa tena.

Nikamkalisha uani, nikapanda darini kumtengenezea maji ya ukwaju. Barafu ilikuwa imegandana, nikaipiga na mchi, nikachuja, nikaonja, nikaongeza sukari. Dakika kumi na tano hivi. Najiuliza kila siku ingekuwaje kama ningempa maji ya kawaida.

Niliposhuka na trei, uani hapana mtu. Kikapu kipo, mlango uko wazi. Nikafikiri labda amepigiwa simu. Kutoka chumbani Bibi akaniita.

"Amekuya Kassim," akasema. "Amemtukua mwana."

Wazee wa pale husema amekuya badala ya amekuja, amemtukua badala ya amemchukua, kama wanavyosema mato badala ya macho. Maneno yote niliyaelewa. Nikamjibu nini? "Haya, Bibi."

Haya, Bibi! Hata kichwa sikukiingiza chumbani kutazama kitanda. Nikafunga mlango, nikakaa uani, nikanywa ule ukwaju mwenyewe, mtamu, wa baridi. Kisha nikaosha bilauri.

Saa kumi Dija akarudi. Akavua buibui, akaingia kwa Bibi kumwamsha mwanawe, akatoka anatabasamu bado.

"Mwalimu, Nuru u wapi?"

Kwa sekunde moja yote yakajipanga: kanzu, maembe, viatu mkononi, Kassim. Nikasimama bila kujua kwa nini nimesimama.

"Si amelala na Bibi?"

"Hayupo."

Tukaingia wote. Bibi akarudia yale yale, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza bei ya unga. "Nimekwambieni. Kassim amekuya, amemtukua mwana."

Dija akanigeukia. Uso ule sitausahau. "Mwalimu, mtu amekuja hapa?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yangu. Nikasema, "Hakuja mtu."

Kwa nini? Woga! Woga tu. Mwezi uliotangulia mwalimu mwenzangu, aliyekaa nyumba ya jirani, alionekana ngazini na mwanamume, na wiki ile ile akarudishwa kwao na jina lake likabaki mtaani. Nikajiona mimi. Mwanamke asiye na mume, ameachiwa nyumba ya watu, amemwingiza mwanamume ndani na mlango ukafungwa. Nani ataamini habari ya ukwaju? Watasema ni bwana wangu. Watanitoa, shirika litanifuta, baba yangu ataulizwa kanisani binti yako amefanya nini ugenini. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda mfupi kuliko ninavyoyaandika. Na kikapu! Nikakikumbuka kikapu. Dija alipopanda darini kutafuta, nikakikimbiza chumbani kwangu nikakisukuma chini ya kitanda.

Nikajidanganya kwamba atarudi. Ni baba yake, nikasema, amempeleka kumnunulia peremende, atarudi sasa hivi. Kila nikisikia nyayo kichochoroni natega masikio. Zinapita.

Basi wakaanza kumtafuta mtoto aliyekufa.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Bibi aliyekuwa akipokea salamu za marehemu hakuna aliyemwamini, na mimi mwenye akili timamu nimesema hakuja mtu. Ukimwondoa mtu aliyemchukua, mtoto wa miaka minne katika mji ule anaweza kuwa wapi? Kisimani. Baharini. Majirani wakaja. Mwanamume mmoja akafungwa kamba kiunoni akateremshwa katika kisima cha uani, na Dija amelala kifudifudi ukingoni anamulika na simu, anaita jina la mwanawe, na kisima kinamrudishia. Birika likafunikuliwa likapapaswa mpaka chini. Wakatangaza msikitini: mtoto wa kike, gauni la manjano, mwenye kumuona amlete.

Na mimi nikatafuta! Nilizunguka vichochoro naita, "Nuru! Nuru!" Niliinama chini ya majahazi yaliyopandishwa nchi kavu. Niliuliza wapagazi wa punda. Mwanamke mmoja akanikumbatia, akasema mwalimu huyu ana huruma kweli. Nikajitoa mikononi mwake nikaendelea kuita.

Gatini vijana walikuwa wanapiga mbizi katikati ya boti. Kila anapoibuka mmoja, watu wanasimama kumtazama mikono. Mikono mitupu. Anavuta pumzi, anazama tena. Nikajiambia sema, sema sasa. Lakini sasa ilikuwa imepita nusu saa, na aliyekaa na uongo nusu saa si sawa na aliyesema uongo mara moja. Kila dakika iliyopita iliongeza kosa, na kadiri kosa lilivyokua, woga nao ukakua. Nyie acheni.

Niliporudi nyumbani Bi Rukia alikuwa amefika kutoka harusini, mikono bado ina unga. Bwana Athumani alikuwa amesimama mbele ya kitanda cha Bibi. Mara ya kwanza na ya mwisho kusikia sauti yake ikipanda.

"Mama, wewe ulifungua mlango? Sema tu, hatutakulaumu. Ulifungua, mtoto akatoka?"

"Sikuinuka hapa," Bibi akasema. "Kassim amekuya. Mwalimu alimwambia karibu, karibu bwana. Nimemsikia."

"Mama! Mwalimu alikuwepo. Hakuona mtu!"

Wote wakanitazama. Bibi akanyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, vidole vikavu vile vilivyokuwa vinanipaka mafuta.

"Ndoo, mwanangu," akasema taratibu. Ndivyo wanavyosema njoo. "Waambie. Wewe hukumwambia karibu? Au ni mimi nimekuwa mwendawazimu?"

Haya. Hapa ndipo mahali ambapo barua tatu zilifutwa.

Nilimtazama usoni yule mzee nikamwambia, kwa sauti laini ninayoitumia kwa watoto wa chekechea, "Bibi, umechoka. Hakuja mtu. Uliota. Lala kidogo."

Akanitazama. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Nilimuona anatafuta ndani ya kichwa chake, kama mtu aliyepotelewa na ufunguo, anapekua, anapekua. Kisha akakiachia kifundo changu.

"Basi kitwa changu kimekwisha," akasema. Akageukia ukutani.

Bi Rukia akalia hapo. Si kwa ajili ya Nuru tu, kwa ajili ya mama yake pia.

Karibu na saa kumi na mbili wakaja na kiatu. Kandambili ndogo ya mtoto, imeokotwa inaelea karibu na gati. Haikuwa ya Nuru, Dija aliijua mara moja. Lakini ile dakika ya kuipokea ilimvunja, akaanguka uani kichwa kikagonga sakafu. Wanawake wakamzunguka. Mmoja akaanza kumwambia subira, mwana ni amana, mwenyewe akiitaka amana yake haulizwi. Mwingine akaanza kunong'ona aya za msiba.

Walikuwa wanamzika mtoto aliye hai! Na mimi peke yangu, katika nyumba ile nzima, ndiye niliyejua.

Sikufanya ushujaa wowote, msije mkanisifu. Nilishindwa tu. Niliingia chumbani, nikavuta kikapu, nikatoka nacho nikakiweka mbele ya Dija. Nikasema, "Alikuja mtu. Saa nane. Alisema ndugu yenu wa Mkokoni. Nilimkaribisha mimi."

Dija akainuka akakaa. Akatazama maembe, akakitambua kikapu, akageuza uso kwangu.

"Saa nane," akasema. "Na mimi nimekuuliza saa kumi."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nakuuliza, mwalimu. Uliogopa nini kuliko kisima kile?"

Bi Rukia alinyanyua mkono anipige, mkono ukabaki hewani, akaushusha. Ningeona nafuu kama angenipiga.

Bwana Athumani alikuwa tayari kwenye simu. Dakika kumi hazikupita jibu likaja kutoka Matondoni, kile kijiji cha mafundi wa majahazi upande wa pili wa kisiwa. Boti ya Kassim iliharibika mashine pale. Imekaa tangu saa tisa, fundi anaihangaikia. Imeondoka nusu saa iliyopita. Fundi akasema mtoto alikuwa analia anamtaka mamake, akampa biskuti. Mtoto alikuwa anaambiwa mamake yuko Mkokoni anamngojea.

Nimesema nusu saa iliyopita. Kama ningejibu kweli saa kumi, mtu angepanda boti au punda na kumkuta mtoto ameshika biskuti. Ningejibu kweli hata gatini, wangemkuta. Mashine mbovu ya boti ilimhurumia Dija kuliko mimi nilivyomhurumia.

Siku kumi na tisa Nuru hakuonekana. Mkokoni hakukaa, alipitishwa tu. Polisi waliandika, Kadhi aliagiza, wazee walitumwa. Siku moja habari inakuja wamevuka mpaka, siku nyingine inakuja mtoto anaumwa homa. Mimi nilikuwa nimeshahamishwa, nimepewa chumba kwa mwalimu mwenzangu. Bwana Athumani ndiye aliyebeba begi langu, fikirini! Alilibeba mpaka mwisho wa kichochoro, akasema, "Mwalimu, Mungu akusitiri," akarudi. Mtaani salamu zangu zikawa zinaanguka chini. Nalala nimevaa, simu kifuani, nikisinzia nawaona wale wapiga mbizi wanaibuka, na safari hii mikono si mitupu.

Siku ya ishirini mama mzazi wa Kassim alimleta mjukuu wake mwenyewe, amemshika mkono, hakumwogopa mwanawe wala hakungoja polisi. Nimesikia aliyoyasema alipofika: "Mimi nilizaa mwana, sikuzaa mwizi." Mungu ambariki yule mama.

Nuru alirudi amekonda. Akaanza tena kukojoa kitandani. Maswali yake yaliisha, na kila mtu anapopiga hodi, anajificha nyuma ya kitanda na kuziba masikio. Hilo ni deni langu, sina njia ya kulikataa.

Nilipata ruhusa ya kwenda kuomba radhi. Dija alinisikiliza akiwa amemficha mtoto nyuma ya mgongo wake, akasema, "Nimekusikia." Hakusema amesamehe, na sikumuuliza. Bi Rukia akanionyesha chumba cha mama yake. "Ingia. Kamwambie mwenyewe. Maana sisi tumemwambia kila siku, hasikii."

Nikaingia. Bibi alikuwa ameketi, mikono mapajani. Bi Rukia alikuwa amenieleza: tangu siku ile hasemi ameona kitu mpaka aulize kwanza. Paka akipita, anauliza, hapa pana paka? Chai ikiletwa, anauliza, hii ni chai? Hata marehemu mumewe hamtaji tena. Ameacha kuyaamini macho yake.

Nikapiga magoti, nikamshika mikono. Nikasema huku nalia. "Bibi, alikuja. Kassim alikuja. Mimi ndiye niliyemwambia karibu bwana. Ulisikia kweli, uliona kweli. Mimi ndiye mwongo. Kichwa chako kizima, Bibi, mimi ndiye niliyekuwa mwongo!"

Akanipangusa machozi kwa ncha ya leso yake.

"La, mwanangu," akasema. "Hapakuya mtu. Wewe ulikuwapo, ukasema."

"Nilidanganya, Bibi! Wallahi nilidanganya!" Mimi Mkristo, nikaapa kiapo chao.

"Usiape. Usijitie madhambi kwa ajili yangu." Akanipigapiga mgongoni, ananibembeleza, mimi! "Mimi nimezeeka, naota ovyo. Wewe una mato mazima. Kama angekuwapo mtu ungesema."

Nimerudi Iringa. Nimeacha kufundisha kwa sasa. Juzi nilimpigia Bi Rukia, akapokea, akanipa habari fupi: Nuru ameanza kulala bila kulia, Bibi bado vile vile.

Wewe unayesoma hii, labda kesho unakwenda kuishi kwenye nyumba ya watu, nchi ya watu. Amri ya nyumba ile usiyoielewa ndiyo uishike zaidi, maana walioiweka wana sababu na hawalazimiki kukueleza. Usiwafundishe ukarimu watu waliokupa kitanda. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema saa ile ile. Tetemeka, lia, jikojolee, lakini sema! Usiseme nitangoja kidogo.

Na usimwambie mtu kwamba hakuona alichokiona. Hata mara moja, hata kwa sauti ya upole. Mimi nilimwambia mara moja tu, na sasa nina kweli yote mdomoni na Bibi ananibembeleza niache kusema uongo.